Bangili ya Siwema

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani ya mazimwi na wafalme, nasema zamani ya juzi, hata miaka mitano haijatimia, alizaliwa mtoto wa kike akaitwa Siwema.

Ngojeni kwanza. Hilo sinia lenye bangili liwekeni hapo kando. Nimeliona, mmelifunika kitambaa chekundu, limependeza. Mmeniita niipime bangili ya mtoto na nitaipima, sijakataa. Ila leo mtanisikiliza kabla sijanyoosha mkono. Anayeona nachelewesha shughuli, mlango uko wazi na viatu vyake viko nje.

Haya. Desturi yetu mnaijua, lakini naisema ili asiwepo wa kujifanya mgeni. Mtoto akitimiza arobaini, shangazi yake humvisha bangili. Mama haruhusiwi kuinunua, baba haruhusiwi, ni shangazi mtu. Ikishaingia mkononi haivuliwi mpaka mtoto atembee; ikivuliwa kabla, ni kama kusema mtoto si wa ukoo wa baba yake. Meno yakianza kuota, mtoto huachiwa aitafune, eti hukaza ufizi. Na kabla hajavishwa, huitwa mwanamke anayeaminika mkono wake, akaiweka kiganjani. Ikiwa nyepesi husema, "Hii bati," na shangazi hurudi kwao na aibu yake. Ikilala kiganjani husema, "Nzito," na nyumba nzima hupiga vigelegele.

Nzito. Neno moja tu. Katika mji wetu ule, mji ambao siutaji maana watu wake wangali hai na midomo wanayo, mwenye kulisema neno hilo nilikuwa mimi. Mnajua nilihamia huku. Hamjawahi kuniuliza kwa nini.

Sasa mjue na wengine.

Alikuwepo fundi akiitwa Ngwali, kibanda chake nyuma ya soko. Ngwali alikuwa hodari kweli, mkono wake ukigusa shaba inatii. Alianza kwa kutengeneza bangili za shaba safi, nyembamba, zenye nakshi ya kuvutia, kwa ajili ya watu wetu wasioweza dhahabu. Akaniletea. Nikaiweka kiganjani nikasema, "Bati." Akaleta nyingine nene zaidi, nikasema, "Bati." Mara ya tatu ilikuwa arobaini ya mtoto wa watu, ukumbi umejaa, nikasema, "Bati," na wanawake wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Ngwali alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kila kitu.

Akaenda zake. Akakaa akajiuliza, hawa wanataka uzito, na kitu gani kizito kinapatikana bure? Nyuma ya magereji kulikuwa na betri za magari zimekufa, zimetupwa. Ndani ya betri mna risasi. Si ile ya bunduki, ni madini, ya kijivu, laini, mazito. Ngwali akayayeyusha kwenye sufuria, akayamimina kwenye kalibu, juu akapaka maji ya dhahabu. Akaniletea. Nikaiweka kiganjani. Ikalala.

"Nzito," nikasema. Vigelegele.

Tangu siku hiyo Ngwali hakulala njaa. Lakini alikuwa na kuku, na kuku wake walikuwa wakinywa yale maji anayopozea bangili. Akafa mmoja, shingo imepinda. Wakafa wanne. Ngwali si mjinga. Alichukua mabati akajenga uzio kuzunguka lile karai la maji, kuku wasifike tena. Wakapona waliobaki. Kisha akarudi kwenye sufuria yake akaendelea kumimina bangili za watoto. Kuku aliwawekea uzio. Naomba mlishike hilo.

Alikuwepo pia bwana afya, akiitwa Lugendo, msomi, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama. Huyu aliwahi kusikia watoto wanaumwa matumbo kuliko kawaida, akashuku. Na kushuku kwake kulikuwa kwa akili, simnyimi sifa. Akanunua bangili moja ya Ngwali akaituma mji mkuu ikapimwe. Barua ikarudi. Imeandikwa: ni risasi tupu, isivaliwe na mtoto, isitiwe mdomoni kabisa.

Lugendo aliisoma amesimama. Hakumaliza hata chai yake. Akaenda nyumbani mbio, akaivua bangili mkononi mwa binti yake, akaitumbukiza chooni. Halafu akarudi ofisini, akaitia barua kwenye mtoto wa meza, akafunga. Alikuwa anasubiri kibali chenye muhuri ndipo atangaze. Mvua zikaja, kibali hakijaja. Mvua zikaisha, kibali hakijaja. Barua ikiwa humo humo kwenye mtoto wa meza, Siwema akazaliwa.

Mnaniangalia. Ndiyo kwanza naanza.

Shangazi yake Siwema aliitwa Havijawa. Havijawa hakujaaliwa mtoto. Mama yao alikufa mapema, akamlea kaka yake mdogo kwa mikono yake, akamwoza mke, mke mwenyewe Mkejina, binti mpole ambaye hakumpandishia mtu sauti. Mkejina alipojifungua, Havijawa alitembea mtaa mzima akiwaambia watu ambao hata hawajamuuliza. Akauza kitanda chake cha nakshi alichoachiwa na mama yake, akalala chini, ili amnunulie Siwema bangili nzito kuliko zote katika kibanda cha Ngwali. Mwanamke amelala chini kwa sababu ya sumu. Nikikumbuka kitanda kile nashikwa na hasira sijui nimtupie nani.

Siku ya arobaini nikaitwa. Nikaiweka kiganjani, ikalala. Mimi nina kawaida, nikishapima nauma kidogo kwa jino, ndivyo alivyonifundisha bibi yangu. Nikauma. Jino likazama. Nikaitoa mdomoni nikaitazama, na pale jino lilipopita rangi ya dhahabu ilikuwa imebanduka, chini yake kijivu. Kijivu kama jivu la mkaa. Niliona. Msije mkasema sikuona, niliona kwa macho haya.

Lakini wanawake walikuwa wamekwisha kuvuta pumzi ya vigelegele. Havijawa alikuwa amepiga magoti mbele yangu, ananitazama kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Nikaigeuza bangili, ile alama ikawa upande wa chini. Nikasema, "Nzito."

Siwema akavishwa.

Alikua vizuri mwanzoni, mtoto mcheshi, mwenye mashavu. Alipokaribia mwaka alikuwa na maneno sita. Nayajua, maana Havijawa alikuwa akituhesabia kila alipotutembelea. Mama. Baba. Maji. Paka. Lete. Na la sita lilikuwa Jawa, ndivyo alivyomwita shangazi yake. Havijawa akiitwa Jawa alikuwa anakaa chini kabisa kwa furaha.

Meno yakaanza, na bangili ikaingia mdomoni. Asubuhi inatafunwa, mchana inatafunwa. Rangi ya dhahabu ikaisha upande mmoja, kikabaki kile kijivu. Mtoto akaanza kutapika. Tumbo likamkaza, akawa analia amejikunja. Mashavu yakapotea. Mkono chini ya bangili ukawa mweusi.

Mkejina akasema, "Wifi, naomba niivue tu, nitairudisha akipona."

Havijawa akamwambia, "Ukiivua kabla hajatembea, unamwambia kaka yangu kwamba mtoto si wetu. Ni hivyo unavyotaka kusema?"

"Sijasema hivyo, wifi. Angalia huo mkono."

"Nimeuangalia. Ni joto. Mpake mafuta. Na mwache atafune, ndiyo kazi yake."

Mkejina akaifunga kitambaa juu. Mtoto akatafuna kitambaa mpaka kikatoboka.

Hapo ndipo maneno yalipoanza kuondoka. Kwanza likaondoka Lete. Watu wakasema mtoto ana deko. Likaondoka Paka, paka alipita mbele yake, akamtazama, akakaa kimya. Likaondoka Baba. Likaondoka Jawa, na Havijawa akalia siku nzima, lakini bangili hakuivua. Likaondoka Maji, akawa anaonyesha kikombe kwa kidole. Siku moja Mkejina akamkalisha mbele yake tangu asubuhi mpaka adhuhuri, anamwambia, "Sema mama. Siwema, sema mama." Mtoto akamtazama tu, akaichukua bangili akaitia mdomoni.

Kesho yake akashikwa na degedege. Wakambeba hospitali ya mkoa. Daktari, mama mtu mzima, hakuuliza mengi. Aliuliza, "Mtoto huyu anatafuna nini?" Mkejina akanyoosha ule mkono mdogo. Daktari akachukua ufunguo wa nyumba yake akaikwaruza bangili mara moja, akaitazama, akaikata kwa koleo saa ile ile. Wakapima damu.

Akasema, "Mama, hii ni risasi, na imeshaingia kwenye damu. Damu tutajitahidi kuisafisha. Maneno siwezi kukuahidi."

Na nani huyo amesema mama alikuwa wapi? Nimekusikia wewe wa kule nyuma. Mama alikuwa pale pale, ameambiwa na shangazi asivue, ameambiwa na mimi kwamba ni nzito, na aliyejua ukweli ameufungia kwenye mtoto wa meza. Usinirudie neno hilo.

Tuendelee. Siwema alipotolewa hospitali, Mkejina, aliyekwisha kusikia kule habari ya barua ya Lugendo, alitutumia salamu mmoja mmoja, tufike kwake baada ya sala ya alasiri. Tulikwenda wote wanne, Ngwali, Lugendo, Havijawa na mimi. Tulimkuta ametandika mkeka uani. Katikati ya mkeka ameiweka ile bangili, ameibana tena mahali ilipokatwa. Yeye amekaa mbele yetu, Siwema mapajani. Yule binti mpole, sauti yake siku ile ilikuwa nyingine.

Akasema, "Sikuwaita mniombe radhi. Radhi zenu hazitamsemesha mwanangu. Nimewaita kwa sababu hiki kitu kina mwenyewe. Mmoja wenu ataivaa bangili hii shingoni, kwa uzi. Ataivaa sokoni, msibani, harusini, na kila atakayemuuliza atamjibu, hii nimeitoa mkononi mwa Siwema. Ataivaa mpaka siku mwanangu atakaponiita mama. Siku hiyo isipofika, basi ameivaa maisha."

Lugendo akasema, "Labda kosa hili ni letu sote, tungeweza kushirikiana..."

"Hapana," akasema Mkejina. "Mmoja. Mkigawana, kila mtu ataondoka na robo, na robo haimuumi mtu. Semeni."

Ngwali akaanza. "Mimi nilileta shaba safi. Mara tatu nilileta shaba safi, na mara tatu nilichekwa. Nani alitaka uzito? Mimi? Mimi nilitaka kula. Ningeendelea na shaba mngekuja kunizika kwa njaa, tena mngesema alikuwa fundi mzuri. Mnanunua kitu kwa bei ya shaba, mnataka kiwe na uzito wa dhahabu, halafu mnaniuliza ndani kuna nini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ndani kuna nini."

Nikamwambia, "Kuku wako uliwajengea uzio."

"Kuku walikuwa wanakufa mbele ya macho yangu," akasema. "Watoto sikuwaona."

Lugendo akaitoa ile barua mfukoni. Naam, alikuja nayo, tena aliitoa kwa kujiamini. "Katika watu wote hapa," akasema, "mimi ndiye pekee niliyetafuta ukweli. Hii hapa barua. Bila mimi, hata leo mngekuwa mnasema mtoto amerogwa. Nilichokosa ni kibali. Ningetangaza bila muhuri, fundi angenishtaki, ningefukuzwa kazi, na angekuja mwingine asiyejali kabisa. Nilifuata utaratibu."

Mkejina akaipokea barua. Akaisoma tarehe. Akasema, "Siku hii Siwema alikuwa tumboni mwangu."

Akamrudishia Lugendo barua yake.

"Binti yako anavaa nini mkononi, bwana afya?"



Havijawa alikuwa analia tangu alipoingia. Akasema, "Wote nyie mlikuwa mnatafuta riziki na vyeo. Mimi nilikuwa nampenda. Nimelala chini kwa ajili ya mtoto huyu. Nani anampenda kunizidi, mbali na mama yake? Ningejua, ningeikata kwa meno yangu. Mimi nilidanganywa. Aliyedanganywa anavishwaje?"

Mkejina akamwambia taratibu, "Wifi, kwa mkono ule mweusi hukudanganywa na mtu. Uliuona."

"Niliuona," akasema Havijawa. "Niliogopa watu watasema."

Ikabaki zamu yangu. Nataka niwaambie nilivyosema, neno kwa neno, maana nimeapa sitapunguza. Nilisema, "Mimi sikuyeyusha, sikuuza, sikununua, sikuficha barua. Mimi nilisema neno moja tu."

Ngwali akaruka. "Neno lako ndilo lililonipeleka kwenye betri."

Havijawa akasema, "Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele yako. Ungesema bati, ningeitupa."

Nikamjibu kwa ukali, eti hata ningesema bati, kesho yake angerudi na nyingine kutoka kibanda kile kile. Lugendo akadakia kwamba mimi na desturi zangu ndio tunaowaua watoto. Ngwali akamwambia yeye na muhuri wake. Basi pakawa hapatoshi. Kila mmoja anasimama, kila mmoja anaanza kwa "angalau mimi". Angalau mimi nilipima. Angalau mimi nilipenda. Angalau mimi nilileta shaba. Watu wazima wanne tunabishana uani kwa mtu, na mtoto asiyesema yuko mbele yetu.

Mtoto asiyesema akateremka mapajani mwa mama yake, maana Mkejina alikuwa amejifunika uso kwa mikono. Akatambaa kwenye mkeka. Alikuwa amekiona kitu chake kinameremeta upande ule uliobaki na rangi, kitu alichokua nacho, kitu alichokatazwa hospitalini. Tukanyamaza wote kwa pamoja. Tulimwona. Akanyoosha mkono akaishika. Akaanza kuipeleka mdomoni.

Mnajua tulifanya nini? Wanne sisi, kila mmoja karibu kiasi cha kumfikia bila hata kusimama? Tulitazamana. Tulitazamana, jamani, kwa sababu kila mmoja wetu alijua kwamba atakayeitoa bangili ile mkononi mwa mtoto ndiye ameipokea. Ngwali mikono yake ilibaki magotini. Lugendo aliikunja barua. Havijawa, pamoja na mapenzi yake yote, alisema tu, "Siwema, acha," na hakunyanyuka. Na mimi mkono wangu huu ulitoka kidogo ukarudi.

Ni mama yake aliyesikia kimya kile akafunua uso. Akamrukia, akaipangua bangili mdomoni mwa mtoto ikaanguka mkekani. Akambeba. Akatutazama mmoja mmoja, taratibu.

"Nimewaona," akasema. Akaingia ndani akafunga mlango.

Tulikaa pale mpaka kivuli cha ukuta kikatufikia. Ngwali akaondoka. Lugendo akaondoka. Havijawa akaenda kukaa kwenye kizingiti cha ule mlango uliofungwa, na nilipohama mji alikuwa bado anakwenda kukaa pale kila siku, hafunguliwi. Bangili ikabaki mkekani. Niliiokota mimi, nikaifunga kwenye pindo la kanga, mtoto asije akaiona tena. Msinipe sifa. Niliiokota wakati hakuna tena aliyekuwa akitazama, na kuokota siko kuvaa.

Siwema anatembea sasa. Anacheka, ana afya, anapenda kucheza na maji. Mwaka jana nilisikia amesema Paka. Mama hajasema.

Haya, leteni hilo sinia. Funueni kitambaa. Nipe hapa. Wewe shangazi mtu usirudi nyuma, sikuulizi umeinunua wapi wala umeuza nini.

Na hii nyingine naifungua kwenye pindo langu. Tazameni. Yenu kiganja cha kulia, ya Siwema kiganja cha kushoto. Zote zimelala. Mkono huu mnaouamini, mkono uliopima watoto wa mji mzima, hauwezi kuniambia ipi ni ipi. Mnasubiri niseme neno. Midomo mmeiweka tayari kwa vigelegele, naiona. Sisemi. Leo nyinyi ndio mtasema kwanza.

Ngwali aliyewawekea kuku uzio akamimina. Lugendo aliyemvua binti yake akafunga mtoto wa meza. Havijawa aliyeuza kitanda akauona mkono mweusi akasema mpake mafuta. Na mimi, niliyeona kijivu nikageuza upande. Mmoja tu, si robo robo. Mama mtoto namsikia uani anavua viatu, anakuja na mwanawe apate kuvishwa. Kabla hajaingia nijibuni: je, nani kati yetu alistahili kuivaa?